Madame Hadassa na Namba Isiyogawanyika

Nilimjua Madame Hadassa Kahongya mwezi wa pili wa mwaka 2003, kule Beni, siku nilipoingia darasani kwake bila daftari na bila viatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa tumekimbia mapigano ya upande wa Mambasa, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Tulitembea siku tano, tukapita Mangina, hadi kanisa moja la Kiprotestanti la Beni likatupokea. Nyuma ya kanisa kulikuwa na shule ya sekondari. Préfet, yaani mkuu wa shule hiyo, mzee Zorobabel, alipita kila asubuhi kati ya vibanda vyetu vya plastiki akiita, "Nani alikuwaka anasoma? Akuje! Hata kama hana kaye ya kuandikia, akuje tu!"

Nikaenda. Wakaniweka darasa la sita, la mwisho, lile la kujiandaa kwa mtihani wa serikali. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, aliyeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, haraka, kama mtu anayefukuza mbu. Aliniangalia mara moja, akavunja chaki vipande viwili, akanipa kimoja.

"Utaandika hapa chini, kwa simenti. Unaitwa nani?"

"Jemima, Madame."

"Jemima, karibu. Hapa tunahesabu."

Mambo yake ya nyuma alinieleza mwenyewe baadaye, vipande vipande, na mimi ninayapanga kadiri ninavyokumbuka.

Alizaliwa kwenye milima ya Kanyabayonga. Baba yake, Jacob Maliro, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa viazi. Hadassa alipokuwa na miaka kumi na minne, walitumia shuleni kitabu cha zamani cha hesabu, cha Kifaransa, kisicho na jalada. Chini ya ukurasa mmoja kulikuwa na mstari mmoja tu uliosema kwamba 2 147 483 647 ni nombre premier, yaani namba tasa, namba isiyogawanyika kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Hakukuwa na maelezo mengine. Hadassa akanyoosha mkono.

"Bwana mwalimu, nani alihesabu?"

"Wataalamu wa Ulaya."

"Walifanya namna gani?"

"Wewe mutoto ya Maliro, hiyo hapana kazi yako. Weka tu kwa kichwa."

Darasa zima likacheka. Hadassa aliiweka kichwani kweli, tarakimu zote kumi, lakini aliiweka kama mtu anavyoweka mwiba mguuni. Alimaliza shule, akasomea ualimu, akaanza kufundisha Butembo, kwenye shule moja ya Bulengera, na miaka yote hiyo hakusahau kwamba kuna jambo aliambiwa aliamini bila kuonyeshwa.

Vita vya mwaka 1998 vilipofika, Butembo ilianza kubadilishiwa wakubwa kila mara. Leo kundi hili, kesho lile, kila moja na bendera yake na muhuri wake. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mchana mmoja risasi zikilia upande wa soko, Hadassa alikaa kwenye kiti chake kidogo cha jikoni, akachukua daftari jipya, akaandika ile namba juu kabisa, akaanza kuigawa.

"Juu ya nini siku ile?" nilimuuliza.

"Juu kila kitu kilikuwa kinageuka," alinijibu. "Nilitaka kitu kimoja chenye hakuna commandant anaweza kugeuza. Namba ikiwa tasa, ni tasa. Hata waje na kifaru."

Njia aliyoitumia mwanzoni ilikuwa ya kawaida. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika, unaijaribu kwa namba tasa moja baada ya nyingine: tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea. Huhitaji kufika mwisho wa dunia. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, ile ndogo kati yake haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, yaani ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata namba hiyo, na kwa namba hii kipeuo hicho ni 46 340 na kitu kidogo. Lakini chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne na mia saba. Ni migawanyo mingi hiyo, kwa mtu mwenye kalamu ya biki na mtungi wa kujaza maji.

Aliendelea karibu miaka miwili. Kila mgawanyo aliufanya mara mbili, kisha akaandika baki yake pembeni. Katikati ya mwaka 2001 alikuwa amefika 9 973, ambayo ni namba tasa ya 1 229. Madaftari matatu mazito yalikuwa yamejaa. Hakuna hata moja iliyogawa bila kubakiza.

Mwezi wa nane kanisa lilimwita Beni, kwa sababu shule ilikuwa haina mwalimu wa hesabu. Akapanda juu ya gari la makabichi lililokuwa linatoka Butembo, na madaftari yake ndani ya mfuko. Katikati ya njia kulikuwa na barrière, kizuizi cha askari. Wakawashusha abiria wote, wakafungua mizigo. Askari mmoja akafungua daftari la kwanza, akaona namba, akafunua, akaona namba, akafungua la pili, namba tupu. Akamwita mkubwa wake.

"Mama, hii ni code ya phonie, ya redio ya siri," mkubwa alisema.

"Hapana, chef. Ni hesabu."

"Hesabu ya nini? Iko wapi jina ya kitu? Mutu anahesabu bintu: viazi, mbuzi, batu. Wewe unahesabu nini?"

"Ninagawa namba moja tu, chef. Ile iko juu, kwa page ya kwanza."

Yule mkubwa akaiangalia ile namba yenye tarakimu kumi. Akaona wazi kwamba ni namba ya simu. Akatoa simu yake ya satelaiti, akaipiga pale pale, mbele ya abiria na makabichi, huku akimkazia macho Hadassa. Akasikiliza. Akapiga mara ya pili.

"Haiitikie," akasema. "Umebafundisha basiitikie."

Walimweka siku mbili kwenye nyumba isiyo na paa karibu na barrière. Hawakumpiga. Lakini asubuhi ya siku ya pili aliwaona wakiwasha moto wa maharage, na karatasi walizokuwa wanawashia zilikuwa zake. Walichana ukurasa mmoja mmoja, kwa utaratibu, mpaka madaftari yote matatu yakaisha. Mchana Pasta Éliakim wa kanisa la Beni akafika kwa pikipiki, akamwombea, wakamwachilia.

"Sikulia," aliniambia. "Niliuliza tu kama maharage ilikuwa imeiva. Pasta akafikiri nimepata kichaa."

Alifika Beni, akafundisha, na kwa mwaka mmoja na nusu hakuandika hata tarakimu moja ya namba ile.

Sasa ninarudi kwenye darasa letu. Tulikuwa thelathini na tisa, nusu wenyeji wa Beni, nusu sisi tuliokimbia. Siku moja Madame Hadassa alikuwa anatufundisha vipeo vya mbili. Ukizidisha mbili kwa mbili kwa mbili na kutoa moja, unapata saba, ambayo ni tasa. Ukichukua mbili tano, yaani mbili tano zilizozidishwa pamoja, na kutoa moja, unapata thelathini na moja, tasa pia. "Lakini musidanganyike," akasema. "Mukichukua mbili onze, mukatosha moja, munapata 2 047. Hiyo haiko tasa." Akaandika ubaoni: 23 × 89.

Mimi nilikuwa chini na kipande changu cha chaki. Hesabu niliipenda kidogo tu, na table ya kuzidisha niliyoijua vizuri ilikuwa moja, ya onze, yaani kumi na moja, kwa sababu ni rahisi: ishirini na mbili, thelathini na tatu, arobaini na nne. Nikaona kitu, nikanyoosha mkono.

"Madame, ukitosha moja kwa ile 23 inabakia 22. Ni ya table ya onze. Na 89 ukitosha moja ni 88. Nayo ni ya onze."

Darasa likangoja acheke au anikemee. Madame Hadassa aligeuka kuangalia ubao, akapitisha kidole chini ya 23, kisha chini ya 89. Kisha akaandika mbili ishirini na tatu kutoa moja: 47 × 178 481.

"Jemima, arobaini na saba utoshe moja?"

"Arobaini na sita."

"Ni ngapi mara ishirini na tatu?"

"Mara mbili!"

"Wote, gaweni 178 480 kwa 23. Haraka!"

Ikagawanyika. Akaandika mbili ishirini na tisa kutoa moja, ambayo hugawanyika kwa 233, kwa 1 103 na kwa 2 089. Tukatoa moja kwa kila moja, tukagawa kwa 29. Zote tatu zikakubali.

"Batoto," akasema, "nilikuwa nalima shamba yote juu ya kutafuta kiazi kimoja, na mustari wa kupanda ulikuwa wazi mbele ya macho yangu."

Kesho yake alikuja na sababu, maana yeye hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa sababu tu limetokea mara tatu. Alituonyesha kwa 23. Anza na moja, uwe unazidisha kwa mbili, na ukipita 23, toa 23: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, tisa, kumi na nane, kumi na tatu, tatu, sita, kumi na mbili, na tena moja. Ni hatua kumi na moja, kisha umerudi ulikoanzia. Tulikuwa tumejifunza kanuni ya zamani kwamba kwa namba tasa yoyote, ukitoa moja kwake unapata idadi ya hatua ambazo zikiisha lazima uwe umerudi kwenye moja. Kwa 23 ni hatua 22, yaani mizunguko miwili kamili ya kumi na moja. Mzunguko hauwezi kukatika katikati.

"Sasa namba yetu," akasema, na kwa mara ya kwanza akaiandika mbele yetu: 2 147 483 647. "Hii ni mbili trente et un, mbili thelathini na moja, utoshe moja. Namba tasa yenye itaigawa, ukizidisha mbili hatua trente et un unarudi kwa moja, donc mzunguko wake ni hatua trente et un. Haiwezi kuwa chini, juu trente et un yenyewe ni tasa. Donc, ukitosha moja kwa ile namba, lazima trente et un iingie bila kubakiza. Na juu haiko shufwa, ukitosha moja inakuwa shufwa. Donc soixante-deux inaingia!"

Nilielewa. Hata leo ninakumbuka joto la shingo nilipoelewa. Hakukuwa tena na haja ya kujaribu namba elfu nne na mia saba. Zilibaki zile tu ambazo ukitoa moja zinagawanyika kwa 62: 63, 125, 187, 249, na kuendelea hadi 46 315. Ni 747 kwa jumla. Na nyingi kati ya hizo si tasa, ni za kufuta. Tulifuta wiki nzima, zile za tatu, za tano, za saba, za kumi na tatu, mpaka zikabaki kama mia moja na sitini.

Mzee Zorobabel hakufurahi. Alimwita Madame mlangoni, na sisi tukasikia yote.

"Madame Hadassa, batoto hawa wako na mtihani mwezi wa sita. Namba hii iko kwa programme?"

"Hapana, préfet."

"Bon. Itawasaidia nini?"

"Batoto hawa walikimbia. Kila kitu walikuwa nacho, mutu mwingine alikichukua. Niachie Jumamosi moja tu. Nataka watoke hapa na kitu chenye walijua wao wenyewe, hapana kitu walipewa."

Mzee akakuna kidevu. "Jumamosi moja," akasema. "Moja."

Jumamosi ile hakuna aliyechelewa. Madame aligawa kazi: kila mtu namba nne, wachache tatu, na kila mgawanyo lazima jirani yako aurudie bila kuangalia jawabu lako. Ubaoni alichora mistari, namba ya kugawia upande mmoja, baki upande mwingine. Tukaanza saa mbili asubuhi. Darasa lilinyamaza hivi kwamba tulisikia mbuzi wa jirani wakitafuna majani ya uzio. Baada ya nusu saa kijana mmoja wa Oicha, Phinées, akasimama wa kwanza.

"311, inabakia 35!"

"Jirani?"

"Trente-cinq, Madame!"

Akaandika. Kisha baki zikaanza kuja moja baada ya nyingine. Mzee Zorobabel alipita mlangoni kuangalia, akasimama, akaingia, akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari. "Nipeni yangu," akasema. Akakaa kwenye benchi ya nyuma, magoti yamegusa kidevu, akagawa namba nne kama mwanafunzi, na moja akaikosea, Phinées akamsahihisha, naye akacheka mpaka akafuta macho.

Kufika saa nne na nusu zilikuwa zimebaki chache. Namba yangu ya mwisho ilikuwa 12 401. Niligawa polepole. Moja, saba, tatu, moja, saba, na mwisho nikapata sifuri. Nikaangalia tena. Sifuri. Nikasimama, na sauti ilitoka ndogo.

"Madame, ya kwangu inagawanyika."

Kalamu ya mtu ikaanguka chini. Niliona uso wa Madame Hadassa ukibadilika, na nikatamani ardhi ifunguke, kwa sababu nilijua habari ya madaftari na maharage, na sasa mimi, ambaye alinipa chaki yake, ndiye niliyemvunjia namba yake.

Hakukasirika. Alikuja pole pole kati ya mabenchi, akasimama karibu yangu, akasema, "Kama inagawanyika, inagawanyika. Tutaandika vile. Hapana kudanganya namba. Nionyeshe."

Akafuata hesabu yangu kwa kidole. 21 474, moja, inabaki 9 073. Shusha nane. Saba, inabaki 3 931. Shusha tatu. Tatu, inabaki 2 110. Shusha sita. Moja, inabaki 8 705. Shusha nne. Saba, inabaki 247. Shusha saba: 2 477.

Kidole kikasimama.

"Jemima, 12 401 inaingia mara ngapi ndani ya 2 477?"

"Haiingii, Madame. Ni ndogo."

"Donc umeandika nini kwa jawabu?"

"Sifuri."

"Hiyo sifuri ni ya jawabu. Na baki iko wapi?"

Nikaangalia. Ilikuwa pale pale chini, 2 477, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona. Jirani yangu Kasika, aliyekuwa ameurudia mgawanyo ule, akaruka juu ya benchi: "Na mimi nimepata 2 477, Madame! Deux mille quatre cent septante-sept!"

Darasa likalipuka. Madame akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yenye vumbi la chaki, akacheka, akasema, "Umenizeesha miaka kumi, wewe!" Kisha akarudi mbele, akaandika 2 477. Zilibaki nne. Tatu. Mbili. Ya mwisho ilikuwa ya mzee Zorobabel. Akaisoma kwa sauti ya mahubiri, na jirani yake akakubali.

Madame Hadassa akaweka chaki chini. Akaangalia ubao mzima, ule wa mbele na ule wa pembeni tuliouazima kanisani, umejaa baki, na hakuna hata moja iliyokuwa sifuri.

"Nani alihesabu?" akauliza.

Tukapiga kelele, watu arobaini, mabati yakatetemeka: "Ni sisi!"

Sijui nani alianza kuimba. Najua tulitoka nje, tukafuata barabara kuelekea soko, tukiimba ile namba kwa Kifaransa kwa sauti ya wimbo wa kwaya, deux milliards cent quarante-sept millions, na mzee Zorobabel mbele kabisa, hana koti, anapiga makofi. Wanawake waliokuwa wanauza mboga za lenga-lenga wakasimama. Mama mmoja akanishika mkono.

"Vita imeisha?"

"Hapana, mama. Tumepata namba."

"Namba ya nini?"

"Ya kweli!" nikamjibu, kwa sababu sikuwa na neno lingine, naye akatuangalia, akaanza kupiga vigelegele, na wenzake wakamfuata bila kujua wanashangilia nini. Madame Hadassa alitembea katikati yetu akilia waziwazi, hajifuti, kichwa juu.

Mwezi wa sita tukafanya mtihani wa serikali. Wengi walikuwa wanasema watoto wa vita hawatafaulu hesabu. Matokeo yalipobandikwa, kati yetu thelathini na tisa, thelathini na sita tulikuwa tumepata diplôme, na mimi nilikuwa na asilimia sabini na moja. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuja shuleni na kopo la poda nyeupe, kama watu wanavyowafanyia waliofaulu, akanimwagia kichwani mpaka nikakohoa. Kisha akamtafuta Madame Hadassa kati ya umati.

"Madame, na wewe inama."

"Mimi sikufanya mtihani, mama Jemima."

"Inama, nakuambia!"

Akainama. Mama akammwagia poda yote iliyobaki, kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye mabega, kwenye nyusi, na wazazi wengine wakaja na makopo yao.